Mgeni Nyuma ya Picha

Msomaji asijisumbue kuitafuta Taadabuni kwenye ramani. Ni nchi isiyokuwapo, na viongozi wake wenyewe wamelithibitisha jambo hilo mara nyingi, hasa wanapoulizwa kuhusu barabara, dawa na maji. Kilichokuwapo Taadabuni, tena kwa wingi wa kutosha kusafirishwa nje, ni adabu. Watu wa huko walisalimiana hadi mikutano ikafungwa kabla ya ajenda kufunguliwa. Mahakimu waliwaomba radhi washtakiwa kabla ya kuwafunga. Hata wezi, inasemekana, walibisha hodi, na waliojibiwa walirudi makwao kwa aibu.

Katika nchi hiyo aliishi mhandisi wa programu aliyeitwa Salhina Mgunda, mwanamke mtulivu, msomi, mwenye mazoea ya kushika ncha ya mtandio wake kila alipofikiri. Aliajiriwa na Wizara ya Mitambo na Maadili, na kazi yake ilikuwa kumtunza Bawabu.

Bawabu hakuwa mtu. Lilikuwa jina la programu iliyokaa ndani ya kila kompyuta ya serikali, ambayo kazi yake ilikuwa kuzileta programu nyingine. Alikwenda kwenye ghala kuu la Wizara, akachukua vifurushi vipya, akavipeleka mikoani, akavifungua, akapanga kila kitu mahali pake na kuondoa vilivyochakaa. Kwa miaka mingi aliifanya kazi hiyo kimyakimya, kama mtumishi wa zamani anayetandika kitanda wakati mwenye nyumba yuko bafuni. Makarani walifungua kompyuta asubuhi wakakuta vitufe vimehama kutoka kushoto kwenda kulia, wakadhani ni uzee, wakaendelea na kazi.

Mambo yaliharibika siku ya Sikukuu ya Salamu. Mheshimiwa Mtukuka, Waziri wa Mitambo na Maadili, alikuwa amesimama uwanjani akisoma hotuba kutoka kwenye kompyuta yake, na ndipo Bawabu, asiyejua sikukuu wala uwanja, alipoleta toleo jipya. Kompyuta ikajizima ili ijiwashe upya. Waziri akafikia neno "kwa hiyo" na hakuona kilichofuata. Alisimama kimya. Taifa nalo likasimama kimya pamoja naye, kwa heshima. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba ilikuwa hotuba yake bora kuliko zote, yenye uzito wa hoja na isiyo na kosa hata moja la takwimu. Lakini Waziri alirudi ofisini na hasira.

"Mhandisi," Waziri alimwambia Salhina alipoitwa, "ni nani huyu anayeingia kwenye kompyuta yangu bila kubisha?"

"Ni Bawabu, Mheshimiwa. Huleta programu mpya."

"Sikuuliza analeta nini. Hata mkwe akija na mbuzi wa ndafu, hubisha."

Salhina alikubali kwamba hilo ni kweli. Akarudi mezani kwake na kuanza kumfundisha Bawabu kubisha.

*

Katika nchi nyingine, programu za namna hii huwa na arifa: kisanduku kidogo hujitokeza pembeni mwa skrini, hutamka lake, kisha hutoweka. Hakiulizi wala hakisubiri. Salhina alikiona kisanduku hicho kuwa kimelelewa vibaya. Yeye alikulia katika nyumba ambayo mtoto aliyeingia bila hodi alirudishwa nje aanze upya, hata kama mvua inanyesha, hata kama nyumba ni yao. Basi akakiandika kisanduku chake kwa namna ya kwao. Kilitokea kwenye pembe ya chini ya mkono wa kulia, chenye ukingo wa buluu, nacho kilisema: "Hodi! Ni mimi Bawabu. Nimeleta kifurushi kipya." Chini yake palikuwa na kitufe kimoja tu, nacho kiliandikwa "Karibu".

Kama mwenyeji hakubofya, Bawabu alinyamaza kidogo, akabisha tena. Kisha mara ya tatu. Baada ya hapo aliondoka na kifurushi chake, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye wazazi.

Jambo la mwisho aliloliongeza hakuagizwa na yeyote. Alilitoa moyoni mwake, naye alilipenda kuliko yote: aliandika kwamba bila "Karibu", Bawabu haingii. Asiingie kwa amri ya mkubwa, asiingie kwa dharura, asiingie hata kama aliyemtuma ni Salhina mwenyewe. Akaipigilia sheria hiyo ndani kabisa ya kifua cha Bawabu, pasipofikiwa na mkono wa mtu, kisha akaegemea kiti akatabasamu. Alikijaribu kisanduku kwenye kompyuta yake, kikabisha kwa unyenyekevu, akakikaribisha, kikaingia. Hakukijaribu mahali pengine. Kompyuta, aliwaza, ni kompyuta.

Waziri alifurahi hadi akaagiza sambusa.

"Hodi!" alirudia, akikisoma kisanduku kwa sauti ya jukwaani. "Hodi! Sasa hii ndiyo teknolojia yenye utu. Na asipojibiwa?"

"Huondoka, Mheshimiwa."

"Huondoka tu? Hanuni?"

"Bawabu hana moyo wa kununa, Mheshimiwa."

"Basi mwekee." Waziri alisogeza sahani mbele yake. "Mgeni wa serikali akibisha mara tatu pasipo jibu, nataka nijue. Nataka kengele ilie hapa, juu ya meza yangu, na jina la ofisi hiyo lionekane ukutani. Kula, binti, kula. Taifa linakutazama."

Salhina angeweza kusema hapana. Angeweza kusema kwamba mgeni anayekwenda kumshtaki mwenyeji wake si mgeni, ni mpelelezi. Lakini kinywa chake kilikuwa na sambusa, na Taadabuni si adabu kusema na chakula kinywani. Alipomaliza kutafuna, wakati wa kusema ulikuwa umepita. Jioni ile ile akaandika mistari ya kengele. Ilikuwa mistari mizuri, mifupi, isiyo na kasoro.

*

Kengele ya shaba ilitundikwa, na kabla fundi hajashuka kwenye ngazi ikaanza kulia. Ililia kwa ajili ya ofisi za mashariki, ikalia kwa ajili ya ofisi za kusini, ikalia hadi Waziri akajifunga kilemba masikioni. Mikoa yote, ilionekana, ilikuwa imeamua kumnyima mgeni wa serikali jibu.

"Uasi," alisema Waziri. "Uasi wa kimyakimya, ambao ndio mbaya zaidi. Lazima mmoja afikishwe mbele ya Baraza la Ukarimu awe funzo."

Kwa kuwa gari la Baraza halikuwa na mafuta, uchunguzi uliamua kwamba mkosaji mkubwa kuliko wote ni yule aliyekuwa jirani kuliko wote. Huyo alikuwa Hemedi Kisangi, karani wa vizazi na vifo katika ofisi ya Ng'ambo ya Pili, upande wa pili wa daraja.

Salhina aliposikia jina hilo alidhani amesikia vibaya. Hemedi Kisangi alikuwa mtu ambaye watu wa mji ule waliapa kwa birika lake. Ofisi yake ilikuwa na dirisha moja, kompyuta moja ya zamani na vikombe vya kahawa visivyo na idadi. Aliyekuja kuandikisha mtoto alipata kahawa na pongezi. Aliyekuja kuandikisha maiti alipata kahawa na mtu wa kukaa naye. Ilisemekana wapo waliozaa upesiupesi ili tu wapate sababu ya kurudi. Na Salhina mwenyewe, alipokwenda kuandikisha kifo cha baba yake, alimwona Hemedi akiandika cheti kile kwa mwandiko wa kunyoosha, akikipiga muhuri, kisha akifunga ofisi saa nne ya asubuhi. "Mtu hatoki hapa na karatasi kama hii peke yake," alisema, na akamsindikiza kwa miguu hadi kwao.

Alivuka daraja siku ile ile.

"Hodi, Mzee Hemedi."

"Karibu! Karibu sana, karibu hata kabla hujabisha! Aa, Mhandisi wetu! Keti. Si hapo, mwanangu, kiti hicho mguu wake ni wa kuazima. Keti hapa."

"Shikamoo."

"Marahaba. Ile baridi ya mashine za Wizarani haijakugandisha?" Tayari alikuwa akimimina. "Umesikia habari zangu? Nina kesi! Wanasema mgeni wa serikali anakuja hapa, anabisha, na mimi namkodolea macho tu. Mimi! Mwizi wa kuku wangu mwenyewe alikunywa hapa kikombe cha pili, akaniambia kuku alikuwa mgumu."

Salhina alicheka, kisha akageuka kuitazama kompyuta, na kicheko kikamkauka.

Kwenye skrini, pembe ya chini ya mkono wa kulia, ilikaa picha ya Baba wa Adabu, mwasisi wa taifa. Hakuna raia asiyeijua picha hiyo. Huko Wizarani ilikuwa imechorwa kwa rangi za mafuta na kufunika ukuta mzima, kwa hiyo kompyuta za Wizara zilisamehewa kuibeba. Lakini mikoani, ambako kuta zilikuwa na unyevu na Baba wa Adabu alikwishaota ukungu shavuni mara mbili, waraka uliagiza picha iwekwe ndani ya skrini, juu ya kila kitu, na kisiwepo chochote cha kuifunika milele. Waraka ulitekelezwa kwa uaminifu. Hata mshale wa kipanya ulipoikaribia picha ulijiinamisha na kupita nyuma yake.

Na nyuma ya bega la kushoto la Baba wa Adabu, Salhina aliona mstari mwembamba wa buluu ukichomoza, mwembamba kama ukucha. Ulikuwa ukingo wa kisanduku chake. Bawabu alikuwa amefika. Alikuwa amesimama nyuma ya mkubwa, kifurushi mkononi, akibisha hodi kwa unyenyekevu ambao Salhina alimfundisha. Ukingo ukatoweka, ukarudi. Ukatoweka, ukarudi. Kisha haukurudi tena, na ng'ambo ya daraja, ambako hangeweza kusikia, Salhina akasikia kengele.

"Unaona nini, mwanangu?" Hemedi aliuliza. "Mbona umekazia macho?"

Jibu lilikuwa fupi, lakini lilikuwa sentensi ambayo haikupata kutamkwa Taadabuni: Baba wa Adabu amesimama njiani. Mhandisi aliyekuwapo kabla yake, ambaye alipendekeza picha ipunguzwe upana kidogo, alipelekwa kisiwani kusomea heshima na mpaka sasa hajafuzu.

"Vumbi tu, Mzee," alisema Salhina. Akashika ncha ya mtandio wake na kuifuta skrini, polepole, kwa uangalifu, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Ahsante," alisema Hemedi. "Macho yangu siku hizi hayaoni hata vumbi."

Kahawa ya Salhina ilipoa bila kunywewa, jambo ambalo halijapata kutokea katika ofisi ile.

*

Baraza la Ukarimu liliketi katika ukumbi wa Wizara. Ili haki itendeke kwa pande zote, Mheshimiwa Mtukuka alikuwa mlalamikaji, mwenyekiti na wakili wa utetezi. Na kila alipohama kutoka kiti kimoja hadi kingine alijisalimia upya na kujijibu. Salhina aliitwa awe shahidi mtaalamu.

"Mhandisi," alisema Waziri akiwa mlalamikaji, "Bawabu alifika katika ofisi ya mshtakiwa?"

"Alifika, Mheshimiwa."

"Alibisha?"

"Alibisha."

"Kwa adabu?"

"Kwa adabu."

"Mara tatu, kama mila inavyotaka?"

"Mara tatu."

Kila jibu lilikuwa la kweli. Alikuwa mtu makini na hakuwa na mazoea ya kusema uongo. Alisubiri swali moja tu: Bawabu alibisha akiwa amesimama wapi? Na alijiahidi, akiwa ameushika mtandio kwa mikono miwili, kwamba akiulizwa hilo atalijibu pia, liwalo na liwe. Waziri alihamia kiti cha utetezi, akajisalimia, akafikiri kwa muda mrefu, na kusema: "Sina swali kwa shahidi. Amejieleza vizuri mno."

Hemedi aliinua mkono. "Mheshimiwa, mimi ninalo moja dogo."

"Mteja wangu hana swali," alisema Waziri.

Kisha akahamia kiti cha mwenyekiti na kuuliza lile lililosubiriwa na ukumbi: "Hemedi Kisangi. Hukumwona mgeni, au hukumtazama? Pima jibu lako. Asiyeona ni mgonjwa, nasi tutamtibu. Asiyetazama ana kiburi."

Hemedi aligeuza macho kuelekea benchi la mashahidi, yakatulia juu ya mikono ya Salhina, kisha yakarudi mbele.

"Sikumtazama, Mheshimiwa," alisema. "Nilikuwa nikimtazama Baba wa Adabu."

Kwa kuwa jina hilo lilitajwa, ukumbi mzima ulisimama na kupiga makofi kama sheria ilivyotaka. Waziri naye alisimama akapiga makofi, kisha akaketi na kutoa hukumu, kwa sauti ya huzuni ya mtu anayekata embe la mwenzake. Hemedi aliondolewa kazini. Birika lake litapelekwa Nyumba ya Makumbusho. Na kwa kuwa alimnyima mgeni neno, neno lenyewe alinyang'anywa: yeye na wote waliomo ndani ya kizingiti chake walikatazwa kutamka "karibu". Waziri akaukumbusha umma kwamba kuingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa ni uvamizi, na askari wanajua kazi yao.

Hivyo nyumba ya Hemedi Kisangi, ambayo mlango wake haukuwa na komeo kwa kuwa hapakuwa na wakati wa kulifunga, ikawa nyumba pekee nchini isiyoweza kuingiwa na mtu.

*

Salhina hakulala vizuri, na asubuhi alifanya alichojua. Aliandika mstari mmoja wa kukihamisha kisanduku kutoka pembe ya chini ya kulia hadi pembe ya juu ya kushoto, akaufunga kama kifurushi, akamkabidhi Bawabu. "Nenda," alinong'ona. "Nenda upesi."

Bawabu alikwenda. Alikwenda mashariki na kusini, akafika kila ofisi yenye picha, akasimama nyuma ya Baba wa Adabu na kubisha: Hodi! Ni mimi Bawabu. Nimeleta kifurushi kipya. Hakuna aliyemwona. Akabisha tena, na tena, kisha akarudi na dawa yake mkononi, maana alifundishwa kwamba bila "Karibu" haingii, hata akitumwa na Salhina mwenyewe. Juu, katika ofisi ya Waziri, kengele ililia tangu asubuhi hadi alasiri, na kila pigo lilimpata Salhina mahali pamoja.

Huko mikoani habari za hukumu zilikwishafika, na hofu ikaitangulia akili. Makarani wasioona mgeni yeyote waliamua kumkaribisha hivyohivyo. Waliketi mbele ya kompyuta zao wakipaza sauti, "Karibu! Karibu sana! Karibu tena!" tangu kufunguliwa ofisi hadi kufungwa. Karani mmoja wa kusini alimtandikia Bawabu mkeka. Mwingine alichinja jogoo, akaiweka sahani mbele ya skrini, na alipoona haikuguswa akalia kwa kuamini kwamba serikali imemsusia.

Ikabaki njia moja. Salhina alimwendea Waziri akaomba ruhusa ya kuzunguka nchi kukagua vumbi kwenye skrini.

"Vumbi?" alisema Waziri.

"Limezidi, Mheshimiwa."

"Nenda, binti. Vumbi ni adui wa taifa."

Akaenda, ofisi moja baada ya nyingine, kwa basi, kwa pikipiki, na mahali pengine kwa miguu akiwa amebeba viatu. Alichokuwa amemwachia Bawabu, sasa alikifanya kwa kinywa chake. Alisimama mlangoni akasema hodi, na kila mahali alijibiwa kabla hajamaliza neno. "Karibu, Mhandisi! Karibu ndani, pole na jua, hebu mleteeni maji!" Walimpa viti vyao, walimpa ndizi na maziwa ya mgando, walimsimulia kwa kunong'ona kisa cha yule mtu mbaya wa Ng'ambo ya Pili aliyemfungia mgeni mlango. "Watu wengine hawana utu," alisema mama mmoja wa mashariki, akimwongezea chakula. Salhina alikula. Kila "karibu" ilimwingia kama mwiba, naye aliitikia "ahsante", akaketi mbele ya kompyuta, akakihamisha kisanduku kwa mkono wake, na alipoulizwa anafanya nini alijibu kwamba anafuta vumbi.

*

Aliporudi Wizarani aliukuta utulivu ambao haukuwapo alipoondoka. Waziri alikuwa ameketi chini ya kengele, amefumba macho kama mtu anayesikiliza taarabu.

"Unasikia?" aliuliza.

"Sisikii kitu, Mheshimiwa."

"Ndicho hicho! Nchi nzima inajibu hodi. Hukumu moja tu, Mhandisi, mtu mmoja tu tumemnyoosha, na taifa limerudi kwenye ukarimu wake. Nilijua."

"Mheshimiwa," alisema Salhina, "huenda ipo sababu nyingine."

"Ipi?"

"Kisanduku... kisanduku kilikuwa..."

"Kilikuwa nini?"

Aliinua macho. Ukuta mzima nyuma ya Waziri ulimtazama kwa rangi za mafuta.

"Kilikuwa na vumbi," alisema Salhina.

Waziri alicheka hadi kengele ikatikisika. "Mnyenyekevu! Anataka kuipa vumbi sifa ya serikali. Nitakupa nishani." Na hapohapo akampa, Nishani ya Kizingiti, Daraja la Kwanza, yenye umbo la mlango mdogo wa dhahabu uliofungwa, akaibandika yeye mwenyewe kwenye mtandio wake. "Kuhusu yule Kisangi, watu wameanza kuniomba nimsamehe. Lakini nasema, dawa iliyoponya haitupwi. Katazo litabaki maisha yake yote."

*

Alasiri ile Salhina alivuka daraja. Nyumba ya Hemedi aliitambua kwa mbali, kwa sababu ilikuwa na ubao wa serikali juu ya mlango: HAPA HAKUNA KARIBU. Watoto wa mtaa walipofika hapo walibadilisha upande wa njia, kama wapitao karibu na kaburi.

"Hodi," alisema.

Ndani palikuwa na sauti ya vikombe, kisha ikakoma.

"Hodi, wenyewe."

Kimya.

Alijua mila, maana ndiye aliyeiandika. Baada ya mara ya tatu mtu mwenye wazazi huondoka. "Hodi," alisema mara ya tatu, kwa sauti ndogo, akageuka kwenda zake. Na nyuma yake mlango ukafunguka.

"Mwanangu," alisema Hemedi.

"Shikamoo, Mzee Hemedi."

"Marahaba. Umekonda. Za safari?" Alijisogeza kando kumpisha, kama alivyofanya maisha yake yote, mkono ukielekeza ndani, kisha akakumbuka, akaushusha mkono na kurudi kusimama katikati ya mlango.

"Nani huyo?" Sauti ya mkewe, Bi Mwanakheri, ilitoka uani. "Mbona unamwacha juani?"

"Ni Mhandisi."

"Yule bintiye marehemu? Basi mwambie ka..." Neno likamkwama. "Mwambie tunamwona."

Hemedi aliingia, akatoka na kikombe cha kahawa kinachofuka moshi. "Birika lipo Makumbusho," alisema. "Nasikia wameliwekea kioo, lisiguswe. Lakini sufuria waliisahau." Akakipitisha kikombe juu ya kizingiti, na Salhina akakipokea akiwa nje.

"Mzee Hemedi," alisema, "siku ile halikuwa vumbi."

"Najua."

"Unajua?"

"Ulipoondoka niliinama nikaitazama ile skrini kwa ubavu, kama mtu anayetafuta kandambili chini ya kitanda. Mgeni alipobisha tena, nikauona ukingo wake, wa buluu. Nikasema, masikini, kumbe mgeni amesimama pale siku zote hizi, na mimi nakunywa kahawa peke yangu."

"Kwa nini hukusema Barazani?"

"Nilitaka kusema. Si niliinua mkono? Halafu nikakutazama. Ningesema kuna kitu nyuma ya Baba wa Adabu, wangeuliza kimewekwa na nani." Alitabasamu kidogo. "Na wewe ulikuwa umeushika huo mtandio kama siku ile ya baba yako. Nikasema, huyu hatoki hapa peke yake."

Nishani ilikuwa ikimchoma Salhina kifuani. Alikuwa amesahau kuivua.

"Nitakwenda kuwaambia," alisema. "Leo hii."

"Utawaambia nini? Kwamba Hemedi alilidanganya Baraza? Watakuwa na wawili badala ya mmoja, na picha itabaki ilipo." Hakuna uchungu uliosikika katika sauti yake, na Salhina angetoa chochote ili ausikie. "Kunywa, mwanangu. Usiniache na kikombe cha pili kilichopoa."

Akanywa. Kahawa ilikuwa na tangawizi, kali na nzuri. Alipomaliza alikirudisha kikombe juu ya kizingiti kwa mikono miwili, na Hemedi akakipokea kwa mikono miwili.

Jirani mmoja aliyekuwa akipita na ndoo alisimama upande wa pili wa njia. "Mhandisi!" aliita. "Mbona umesimama mlangoni kama mdai? Si uingie ndani!"

"Sijakaribishwa," alijibu Salhina.

Jirani alitikisa kichwa kwa masikitiko juu ya watu wasio na utu, akaenda zake.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani mkeka ulikuwa umetandikwa, na mtu alikuwa ameongeza kikombe cha tatu pembeni mwa viwili. Hemedi alisimama, midomo yake ikifanya umbo la neno lisilotoka. Na Salhina, alipoangalia chini, aliona kwamba alikwishavua viatu bila kufikiri, kama afanyavyo mtu anayekaribia kuingia kwa watu wake. Hakuvivaa tena wala hakuondoka. Alibaki pale kwenye jua, peku juu ya saruji ya moto, akisubiri neno ambalo yeye ndiye aliyelifundisha taifa zima kulisubiri.